Kibao cha Kidevu

Kwa miaka thelathini na kitu nilikula kwa mikono isiyotetemeka. Nilikuwa fundi wa saa, na meza yangu ilikuwa mlangoni mwa duka la vitambaa katikati ya Nairobi, mahali pembamba ambapo godoro la mtu mmoja lisingeenea. Kisanduku cha kioo, taa moja, kiti kimoja, na mimi. Watu walipita wakipapasa vitambaa, nami nimeinamia tumbo la saa ya mtu, lenzi jichoni, kibano mkononi, pumzi nimeizuia. Sikunywa kahawa asubuhi. Sikugombana na mtu kabla ya saa nne, na kwa mtu wa hasira kama mimi hilo halikuwa jambo dogo. Mke wangu alikuwa akisema ugomvi wetu wote hungoja jioni, kwa sababu asubuhi mikono yangu ni ya wenye saa.

Ninayoyasimulia yalitokea miaka ya sitini ikielekea ukingoni, mwezi wa Agosti, wakati ule ambapo Nairobi hukaa siku nyingi bila kuliona jua. Shule zilikuwa zimefungwa na watoto wetu wawili wamekwenda magharibi kwa bibi yao, kwa hiyo katika chumba chetu kule Riruta tulibaki mimi na mama yao tu. Nasema haya mapema kwa sababu mambo yangekuwa magumu zaidi kama watoto wangekuwepo.

Nyuma ya duka kulikuwa na uchochoro. Alhamisi moja adhuhuri nilitoka kunyoosha mgongo, nikasikia mkwaruzo ndani ya sanduku la mbao lililoletwa na vyombo vya kauri, bado lina yale majani makavu ya kuzuia vyombo visivunjike. Nikachungulia. Mlikuwa na mtoto wa paka wa rangi ya majivu, mkubwa wa ngumi yangu. Mama yake tulimjua sote uchochoroni, paka mwitu asiyekubali hata kutazamwa. Alikuwa amewahamisha watoto wengine na huyu akambakisha. Naye alikuwa anajaribu kutoka amfuate.

Nilisimama nikamtazama. Aliinua mguu wa mbele ashike ukingo, mguu ukaenda kando. Akainua tena, kichwa kikaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, akaanguka chali. Akajipindua, akasimama na miguu imetanuka, akaanza upya. Nilihesabu mara kumi na nne nikaacha. Hakulia. Hakupumzika. Nimeona wanaume wazima wakitupa bisibisi na kutukana kwa sababu skrubu imekataa mara tatu, na wa kwanza wao ni mimi. Kale kakiumbe hakakuweza hata kusimama wima, lakini kuchoka hakakujua. "Wacha wee!" nikasema kwa sauti, peke yangu pale uchochoroni. Mbele dukani mteja alikuwa akiningoja na nilikuwa nimemsahau kabisa.

Nikaingiza mkono nimtoe. Akaniuma kidole gumba, jino likazama hasa.

"Ala! Shenzi sana!"

Damu ilinitoka, nikafunga kidole kwa kipande cha kitambaa, na paka nikamtia katika kikapu changu cha chakula vivyo hivyo, nikiwa nimemkasirikia na nimemstahi kwa wakati mmoja. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyekuja kila siku na gari lake kutoka Parklands, alichungulia kikapuni akatikisa kichwa. "Fundi, huyu hamalizi wiki," akasema. Nikamjibu kwamba tutaona.

Nyumbani mke wangu alitazama kikapu, akanitazama mimi.

"Baba watoto, hii ni nini?"

"Paka."

"Naona ni paka. Mbona inacheza dansi?"

Ni kweli, mtoto yule alipotaka kwenda mbele alikwenda kushoto, na alipotaka kusimama alikaa. Katika ploti yetu kulikuwa na jirani aliyepika pombe ya busaa kwa kujificha, na machicha yake alikuwa akiyamwaga nyuma ya choo. Basi Ijumaa yote habari ikawa ni moja, kwamba paka wa fundi ameramba machicha. Watu wazima walikuja mlangoni kumwona mlevi. "Mpeni supu ya kutoa lock, pombe imtoke!" mmoja akasema, na mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikikumbuka kicheko kile sasa naona haya.

Jambo ambalo halikuchekesha ni chakula. Mke wangu alimwekea maziwa kwenye kisahani. Paka aliyasikia harufu, akaja mbio kwa namna yake, na kadiri pua ilivyokaribia maziwa ndivyo kichwa kilivyozidi kutikisika. Alipofika, kichwa kilipiga kisahani upande huu na upande huu, maziwa yakaruka ukutani, na yeye akabaki na povu jeupe kwenye masharubu na tumbo tupu.

Jumamosi asubuhi akaja mama mwenye ploti. Alikuwa mjane wa Kikuyu, na ukoo wake ulilima pale Riruta kabla mji haujafika. Vyumba vyetu vya kupanga vilikuwa mbele, zizi la ng'ombe wake lilikuwa nyuma, na maziwa alituletea mwenyewe kila asubuhi kwa mkebe. Hakuwa mtu mbaya, hilo nataka lieleweke. Aliposimama mlangoni alimwona paka akiyumba kuja kwake, mdomo umejaa weupe. Mkebe ukatua chini polepole.

"Fundi. Hiyo kidole imefungwa, nani amekuuma?"

"Ni huyu tu, mama. Kitu kidogo."

"Lini?"

"Juzi Alhamisi."

Akarudi nyuma hatua mbili. Halafu, akiwa amesimama pale pale uani, akatuambia habari ambayo hakuwahi kuitaja miaka yote tuliyokaa kwake. Alikuwa na ndugu yake mkubwa. Aliumwa na mbwa akichunga, kidonda kikapona, watu wakasahau. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuhangaika, na maji hakuweza kuyameza. "Aliona tu kibuyu, koo ikajifunga," akasema. "Akapiga kelele ya mtu ambaye si yeye. Na mimi ndiye nilikuwa nimeshika kibuyu."

Akamalizia, "Hii kitu ina kichaa cha mbwa. Iuawe leo, ama muhame. Na wewe uende hospitali, fundi, usinichezee."

Mke wangu aliketi kitandani akaweka mikono kichwani. "Muue," akaniambia. "Baba watoto, muue sasa hivi, nakuomba." Nikachukua mpini wa jembe uliokuwa nyuma ya mlango. Sitajifanya shujaa, niliuchukua kwa nia ya kuutumia, kwa maana nami niliogopa kufa. Paka akaniona. Akaanza safari ya kuvuka chumba, hatua tatu za mbele, moja ya kando, kuanguka, kuinuka, mpaka akafika kwenye kiatu changu. Akakiegemea kwa ubavu, na mtikisiko ukatulia. Akaniangalia usoni kutoka chini kule, akingoja. Nikauegesha mpini ukutani.

Kulikuwa na ofisi ya mifugo ya serikali upande wa Kabete. Nilimtia paka kikapuni, nikafunga kwa kamba, nikaenda kwa miguu kupitia Kangemi bila kusimama. Daktari wa wanyama alikuwa kijana mpole mwenye koti jeupe lililomzidi. Alivaa glavu nene, akamweka paka mezani, akamwacha tu akamtazama. Halafu akaning'iniza uzi mbele yake. Kichwa kikaanza.

"Umeona?" akaniuliza. "Akitulia, hatetemeki. Akitaka kitu, ndipo anatetemeka. Na akikaribia anachokitaka, inazidi."

Alinieleza kwamba kuna sehemu ya ubongo, huku nyuma, inayopima miendo, na kwa paka huyu ilidhurika angali tumboni mwa mama yake. Hakuna dawa. Hatapona, lakini pia haumwi mwili, na akiweza kula ataishi.

"Kwa hiyo si kichaa?"

"Kwa macho yangu, si kichaa. Lakini amekuuma, na mimi siapi kwa macho." Akavua glavu moja moja. "Sikiliza vizuri, mzee. Mnyama akiwa na kichaa wakati anauma, hamalizi siku kumi. Mfungie ndani. Siku ya kumi ni Jumapili ya wiki ijayo. Akifika hapo yuko hai na hajabadilika, wewe uko salama. Akifa kabla, au akigeuka mkali, unakuja hapa na mzoga siku hiyo hiyo, halafu unakimbia hospitali. Ni sindano za tumboni, moja kila siku, zaidi ya wiki mbili."

"Na akifa kwa njaa tu? Huyu hawezi kula, daktari."

Aliangalia mbavu za yule paka. "Basi mlishe," akasema. "Akifa kwa njaa nitakuwa nabahatisha kama wewe."

Nilirudi nyumbani mambo yamegeuka kabisa. Asubuhi nilikuwa nimeshika mpini nimuue. Sasa nilikuwa namwomba Mungu asife. Mama mwenye ploti nilimpelekea maneno ya daktari kama yalivyo. Alichezea kishikio cha mkebe. "Siku kumi," akasema. "Mlango ufungwe. Na nitakuja kuangalia mimi mwenyewe." Tangu hapo kila asubuhi alifika, akasimama mbali na mlango, akauliza swali lile lile.

"Bado iko?"

"Iko, mama."

Anamimina maziwa, anaondoka.

Sasa nieleze ujinga wangu. Fundi wa saa akiona kitu kinatikisika, anakibana. Ndivyo tulivyofunzwa, kazi haifanyiki kwenye kitu kinachocheza, na kwa hiyo tunavyo vibanio vya kila namna. Jumapili baada ya kanisa nilichukua mbao za lile sanduku la uchochoroni, nilizokuwa nimezibeba nyumbani kuwa kuni, nikatengeneza kibanio kizuri ajabu. Shingo ilipita hapa, kitambaa laini hapa, kichwa kikakaa kimya kabisa mbele ya kisahani. Nilijisifu. Nilimwita mke wangu aje aone akili ya mumewe.

Paka alipobanwa alipigana. Mikono yangu nilikuwa nimeizungushia gunia, lakini hata kupitia gunia niliusikia mwili mzima ukitetemeka, mpaka mkia. Hakunywa hata tone. Jumatatu nikalegeza, nikabana tena. Jumanne nikajaribu kumdondoshea maziwa kwa kijiti cha kutilia mafuta ndani ya saa, akapaliwa mpaka nikadhani amekwenda. Jumanne jioni nilipomwinua hakuwa na uzito wa kitu chochote, na manyoya yalikuwa yamesimama ovyo. Mke wangu hakuwa akimgusa, lakini aliangalia kutoka jiko dogo lililopakana na chumba.

"Unamwua polepole," akasema. "Afadhali ungetumia ule mpini."

Nilimkaripia vibaya. Nilimkaripia kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jumatano nilikaa mezani kwangu mjini sijalala vizuri. Nilikuwa na saa ndogo ya mama mmoja, ya kuvaa mkononi, na ilibidi niirudishe ile springi nyembamba kuliko unywele. Mkono ukanikataa. Mimi, mkono ukanikataa! Ncha ya kibano ilitulia vizuri mbali na saa, na ilipokaribia ikaanza kucheza. Nikatoa lenzi, nikaufokea mkono wangu kwa sauti, mwenye duka akageuka kuniangalia. Kisha nikafanya alichonifundisha mwalimu wangu wa ufundi siku ya kwanza kabisa, jambo ambalo nilikuwa nikilifanya kila siku bila kulijua tena. Nikashusha kiganja, nikagusisha kidole kidogo kwenye ukingo wa meza. Mtikisiko ukaisha. Springi ikakaa mahali pake.

Nilibaki nimeinama, kidole kimegusa mbao. Mkono wangu haukuwa umebanwa na mtu. Ulikuwa umeegemea. Na yule paka alikuwa amenionyesha jambo hilo Jumamosi kwenye kiatu changu, nami na akili zangu zote za ufundi nikaenda kumtengenezea kitanzi.

Sikungoja jioni. Nilimwambia mwenye duka naumwa, nikaenda zangu. Nyumbani nilivunja kile kibanio, nikachukua ubao wake mmoja, nikaukata nusu duara juu kwa msumeno mdogo, nikaulainisha kwa msasa mpaka usichome ngozi. Nikausimamisha wima kwa vibao viwili vya kando, vya kumzuia asipinduke. Nyuma yake nikaweka kisahani, juu kidogo, usawa wa mdomo. Kazi ya nusu saa, na haikuwa nzuri ya kumwita mtu aione. Mke wangu alikuja mwenyewe akasimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani.

Nikamweka paka chini, hatua mbili kutoka kwenye kibao. Harufu ya maziwa ikamfikia. Akaanza kwenda, na kichwa kikaanza. Alipofika kati ya vibao vya kando, ubavu mmoja ukagusa, akausukuma hapo, miguu ya nyuma ikatulia. Kichwa bado kilikuwa kinakwenda huku na huku, kinapiga hewa. Kidevu kikagonga mbao, kikaruka. Kikagonga tena. Mara ya tatu kikatua kwenye ule mkato wa nusu duara, na akakiacha hapo.

Kichwa kikatulia.

Nasema kikatulia, jamani. Sijapata kuona kitu kama kile, na nimeona saa zilizolala majini miaka zikianza kutembea mkononi mwangu. Alibaki ameegemeza kidevu, macho yamefunguka, kana kwamba anasikiliza. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona dunia imesimama wakati anaitaka. Halafu ulimi ukatoka. Ulimi mdogo wa rangi ya waridi, ukaenda kwenye maziwa, ukarudi, ukaenda, ukarudi. Tuliusikia ukilamba. Hakuna tone lililoruka.

"Lo!" mke wangu akasema kwa sauti ya chini. Na baada ya muda, "Kumbe alikuwa na njaa tu, maskini."

Alikunywa mpaka tumbo likawa duara, akalala pale pale kidevu kikiwa bado kwenye mbao. Niligeuza uso kwa ukuta. Machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka mtu anione nikimlilia paka, tena paka aliyeweza kuwa na kifo changu mdomoni.

Toka siku hiyo ilikuwa kama amepewa siri. Mimi nilimfundisha mara moja. Yaliyobaki alijifunza mwenyewe. Alhamisi alikuwa anatembea kwa kusugua ubavu ukutani, chumba kizima, kona kwa kona, bila kuanguka. Akitaka kwenda katikati alikwenda kwanza mpaka kwenye mguu wa kiti, akaegemea, akapima, ndipo akajitupa mpaka mguu wa meza. Ijumaa alipanda kitanda kwa kucha, ameubana mwili wote kwenye blanketi linaloning'inia. Mke wangu alikatiza kupika. Tulikaa sakafuni, watu wazima wawili, tukimwangalia paka akipanda kitanda. Alipoanguka tulisema "aaah" pamoja, na alipofika juu mke wangu akapiga makofi.

Lakini hofu haikuondoka. Alibadilika kwa wema, sawa, ila daktari alisema "hajabadilika", na mimi ningejuaje mabadiliko yanavyoanza? Kila asubuhi niliamka nikatazama kwanza kama anapumua, kisha nikajaribu koo langu mwenyewe kwa kumeza mate. Nilianza kunywa maji bila kiu, kikombe baada ya kikombe, kuhakikisha yanashuka.

Ikafika Jumamosi, siku ya tisa. Ilikuwa siku ya kufua, na mke wangu alikuwa ameweka karai la maji safi chumbani, mlango ukiwa wazi kidogo ili mwanga uingie. Mama mwenye ploti akafika na mkebe wake, akasimama mahali pake pa kila siku.

"Bado iko?"

Kabla sijajibu, paka akatoka chini ya kitanda. Akafuata ukuta mpaka kwenye kona, akafuata kona mpaka kwenye karai. Nikataka kumzuia, nikaona mkono wa mke wangu umenishika shati. Paka aliegemeza ubavu kwenye karai. Akainuka kwa miguu ya nyuma, kichwa kikaanza kutikisika, kikatikisika sana, mama mwenye ploti akashika mdomo. Kisha kidevu kikatafuta ukingo wa karai, kikaukosa, kikautafuta tena, kikatua juu yake. Mimi sikumfundisha karai. Hakuna aliyemfundisha karai. Akatulia, akatoa ulimi, akanywa maji.

Alikunywa kwa muda mrefu.

Nilipoinua macho, mama mwenye ploti alikuwa amevuka ule mpaka wake wa siku zote na kufika kizingitini. Alikuwa analia bila kujifuta. "Inakunywa," akasema. "Fundi, angalia, inakunywa maji." Akaketi kwenye kizingiti, mkebe magotini, yeye mwenye nyumba, mtu ambaye hatukuwahi kumwona ameketi kwa mpangaji. "Ndugu yangu alitaka sana. Alikuwa anaitaka na macho. Haikuwezekana." Mke wangu akaenda akaketi kando yake. Baadaye daktari aliniambia kwamba kwa wanyama kunywa maji hakuthibitishi chochote, na yeye ndiye aliyesoma. Lakini hakuwepo pale.

Jumapili mama mwenye ploti alikuja mapema, amevaa nguo za kanisani. Hakusimama mbali.

"Iko?"

"Iko, mama. Siku ya kumi."

Alimimina maziwa yetu, kisha akamimina mengine kidogo kwenye kifuniko cha mkebe, akainama na magoti yake mabovu akakisukuma mpaka nyuma ya kibao. "Hii ni yake," akasema. Mke wangu akanitazama kidole, kidonda kimeshakauka, akanishika mkono wote kwa mikono yake miwili mpaka nikasikia uchungu. Hatukugombana wiki nzima.

Paka yule alikaa nasi miaka minane. Aliwalea watoto wetu, ukipenda kusema hivyo, maana walijifunza kutembea taratibu na kutoacha viti ovyo. Panya alimkamata mmoja tu maishani, na nafikiri panya huyo alikuwa mgonjwa. Majirani wapya walipomcheka, mama mwenye ploti ndiye aliyewakemea. Paka alikufa kwa uzee mwezi wa baridi, ameegemea ukuta wa jiko kwa upande ule wenye joto, na nikamzika nyuma ya zizi kwa ruhusa. Miaka ya sabini ikiisha tukapata nyumba Woodley, tukahama. Kile kibao nilidhani kimekwenda motoni na takataka nyingine.

Sasa mimi ni mzee, na mikono iliyonilisha imeniasi. Ilianza na springi, ikaja skrubu, ikaja vifungo vya shati. Nikiwa nimekaa, imetulia, ungedhani ni ile ile. Nikitaka kitu, ndipo. Na nikikaribia, inazidi. Hivi majuzi nilimwaga chai kwenye suruali mbele ya wakwe, nikakitupa kikombe ukutani, nikasema kuanzia leo sinywi chai mbele ya mtu. Mke wangu aliokota vigae. Nilimsikia akisogeza vitu chini ya kitanda, masanduku, sufuria za harusi, sijui nini. Akarudi akaweka kitu mezani mbele yangu, akakifuta vumbi kwa ncha ya leso.

Mkato wa nusu duara ulikuwa umeng'aa kwa miaka minane ya kidevu. Upande mmoja kulikuwa na alama za meno madogo.

Akaleta kikombe kingine, kimejaa, akakiweka nyuma yake. "Egemeza," akaniambia.

Nikashusha mkono. Ukagonga mbao, ukaruka. Ukagonga tena. Kisha kifundo cha mkono kikakaa pale palipokuwa pakikaa kidevu, na mkono ukatulia. Nikashika kikombe, nikainama, na chai ikafika mdomoni nzima nzima. Mke wangu akaniuliza kama sukari imetosha, nami nikapiga funda jingine.